Kampuni Ilikufa, Ndoa Ikabaki

Kwenye kicheni pati nyingi utasikia somo hili: mke na mume wasichanganye mapenzi na biashara. Eti mkigombana dukani saa kumi jioni, saa nne usiku mtalala mzungu wa nne. Mashangazi wanalisema kwa uhakika kabisa, na kila mmoja ana mfano wake wa mtaani.

Mimi siwabishii. Huu ni mwaka wa saba nafanya biashara na mume wangu, kiduka cha kuchapa kadi za harusi, mabango na fulana, na najua kwamba mashangazi hawasemi uongo. Lakini kila nikilisikia somo hilo nawakumbuka wanandoa wawili wa Marekani, Ken na Roberta Williams. Hawa walianzisha kampuni kwenye meza ya jikoni, wakaiuza kwa takriban dola bilioni moja, na kabla miaka mitatu haijatimia wakashuhudia inabomolewa na watu wengine.

Kampuni yao iliitwa Sierra, na ilitengeneza gemu za kompyuta. Kama hujawahi kucheza gemu hata moja maishani mwako, tafadhali usifunue ukurasa. Hii ni stori ya mke, mume na mali, na hayo yanatuhusu sote.

Mke ndiye aliyekuwa na wazo

Ken na Roberta walioana California mwaka 1972. Bibi harusi alikuwa na miaka 19, na bwana harusi ndiyo kwanza alikuwa ametimiza 18. Watoto kabisa! Ken akajifunza kazi ya kuandika programu za kompyuta na akawa anahangaika huku na kule kama vijana wengi wenye familia. Roberta akawa nyumbani na watoto wawili wadogo.

Mwaka 1979 Ken alikuwa ameunganisha mtambo wa nyumbani kwao na kompyuta kubwa ya mbali, akakuta humo mchezo uitwao Colossal Cave Adventure. Ulikuwa mchezo wa maneno matupu. Kompyuta inakueleza uko wapi pangoni, wewe unaandika unataka kwenda wapi na kufanya nini. Ken aliuangalia, akaachana nao. Roberta ndiye aliyenasa. Alicheza mpaka akaumaliza, akatafuta mingine ya aina hiyo, akaimaliza nayo.

Kisha akakaa na karatasi zake jikoni, akaanza kuchora ramani ya hadithi yake mwenyewe: nyumba kubwa, wageni saba, na mauaji ambayo mchezaji lazima ayapeleleze. Hakuwa mtaalamu wa kompyuta. Hakuwa na cheti cha uandishi. Alikuwa mama wa nyumbani mwenye wazo.

Sasa tazama alivyolifikisha kwa mumewe. Ken alikuwa na mpango wake tayari wa kutengeneza programu ya kuwauzia watu wanaoandika programu. Roberta hakumvamia akiwa kwenye kazi yake. Alimtoa kwa chakula cha jioni, wawili tu, akamwelezea hadithi ile mwanzo mpaka mwisho. Ken alianza kusikiliza kwa heshima tu, lakini kabla hawajanyanyuka mezani akili yake ilishaanza kufanya kazi. Akauliza: kwa nini mchezo huu usiwe na picha?

Swali hilo ndilo lililoizaa kampuni. Michezo ya aina ile haikuwa na picha wakati huo. Roberta akachora picha karibu 70, za mistari tu kama za mtoto wa shule, na Ken akatafuta namna ya kuzibana ziingie kwenye disketi moja ya kompyuta ya Apple II. Mwaka 1980 wakautoa mchezo wao, Mystery House, kwa dola 24.95.

Simu ya nyumbani ikawa ya ofisi

Disketi walizinakili wenyewe na kuzitia kwenye vifuko vya plastiki vya kufungia chakula. Wakatoa tangazo kwenye jarida la kompyuta, na simu ya nyumbani ikaanza kulia. Mteja anaagiza, mtoto analia nyuma, maisha yanaendelea. Ukishawahi kupokea oda ya kadi 300 huku unageuza chapati jikoni, utanielewa.

Mchezo ule uliuza nakala zaidi ya 10,000. Kwa leo ni idadi ndogo, lakini mwaka 1980 watu waliokuwa na kompyuta nyumbani walikuwa wachache mno. Wakahamia milimani, karibu na hifadhi ya Yosemite, mahali walipopataka tangu zamani. Kampuni iliyoanza kwa jina la On-Line Systems ikaitwa Sierra On-Line, kwa jina la milima ile. Ofisi zikawa Oakhurst, mji mdogo ambao hakuna aliyetegemea ungekuwa na kampuni ya kompyuta. Vijana wa pale ambao wangekwenda kutafuta kazi mijini wakapata ajira karibu na kwao.

Kazi waligawana. Ken alikuwa bosi: fedha, mitambo, mikataba, kuajiri na kufukuza. Roberta alikuwa mtunzi. Yeye hakuingilia hesabu, na Ken hakumtungia hadithi. Hili lishike, tutalirudia.

Mara ya kwanza kuanguka

Mpenzi msomaji, usidhani walipanda lifti moja kwa moja mpaka juu. Mwaka 1983 biashara ya gemu za nyumbani Marekani iliporomoka vibaya. Soko lilikuwa limejaa gemu mbovu, kila mwenye mtaji wa haraka alikuwa amejitosa, na maduka yakabaki na mizigo isiyouzika. Sierra nayo ilikuwa imewekeza kwenye gemu za kaseti za mashine ambazo ghafla hazikutakiwa tena. Wafanyakazi wengi wakapunguzwa, na kampuni ikabaki inapumulia mashine.

Kilichowaokoa ni kazi moja. IBM ilikuwa inaandaa kompyuta ya nyumbani, PCjr, ikataka mchezo wa kuonyesha uwezo wake. Roberta akatunga King's Quest, hadithi ya shujaa Graham anayetumwa kutafuta hazina tatu za ufalme. Kwa mara ya kwanza katika michezo ya aina hiyo, mchezaji alimwona mtu wake anatembea, anapita nyuma ya mti na kutokea upande wa pili. Ilitoka mwaka 1984.

Basi PCjr yenyewe ikabuma! Watu hawakuipenda, na mwaka 1985 IBM ikaacha kuitengeneza. Lakini Tandy walikuwa wameshatoa kompyuta yao, Tandy 1000, iliyoweza kuendesha mchezo uleule, na hiyo ikanunuliwa kwelikweli. King's Quest ikaenda nayo. Bahati? Ndiyo, ipo. Lakini bahati iliwakuta wana bidhaa mkononi.

Miaka ya neema

Baada ya hapo mambo yakanyooka. Ken alikuwa na jicho la kuona kipaji mahali ambapo wengine hawaangalii. Al Lowe, mwalimu wa muziki wa zamani, akatengeneza Leisure Suit Larry mwaka 1987, kichekesho cha mwanamume wa makamo anayehangaika kutafuta wanawake na kuambulia aibu. Mwaka huohuo Jim Walls, polisi mstaafu wa barabara kuu za California, akatoa Police Quest. Mwaka 1993 Jane Jensen akaja na Gabriel Knight.

Roberta naye hakulala. Mwaka 1988, kwenye King's Quest ya nne, mhusika mkuu alikuwa binti, Rosella, wakati karibu kila gemu ilikuwa ya mwanamume anayeokoa mwanamke. Mwaka 1995 akatoa Phantasmagoria, hadithi ya kutisha yenye waigizaji wa kweli, iliyojaza CD saba. Na hadithi yenyewe ilihusu nini? Wanandoa waliohamia nyumba mpya na mume anayebadilika siku baada ya siku. Ilibishaniwa sana kwa ukatili wake, na iliuzika sana.

Wakati huo kampuni ilishakuwa kwenye soko la hisa, na tangu mwaka 1993 makao yake makuu yalikuwa yamehamia jimbo la Washington. Ilikuwa na mamia ya wafanyakazi. Jina la Sierra kwenye boksi la gemu lilimtosha mnunuzi.

Ofa isiyokataliwa

Mwanzoni mwa mwaka 1996 kampuni iitwayo CUC International ikatangaza kwamba itainunua Sierra. CUC haikuwa kampuni ya gemu. Biashara yake ilikuwa klabu za wanachama: unalipa ada kila mwaka, unapata punguzo kwenye safari na manunuzi. Bosi wake, Walter Forbes, alikuwa mjumbe wa bodi ya Sierra, kwa hiyo hakuwa mgeni. Bei ilikuwa takriban dola bilioni moja, juu sana ya thamani ya Sierra sokoni. Ken ameeleza baadaye kwamba, akiwa mkuu wa kampuni yenye wanahisa, hakuona angewezaje kuikataa bei kama hiyo.

Lakini hizo bilioni hazikuwa noti. Zilikuwa hisa za CUC. Yaani uliye na hisa za Sierra unapewa karatasi ya kampuni nyingine, na thamani ya karatasi hiyo ni ukweli wa mwenye kampuni.

Na mwenye kampuni hakuwa mkweli. Nitaeleza kwa lugha ya nyumbani. Ukinunua kampuni, unatenga fungu la gharama za kuunganisha: kufunga ofisi, kulipa mafao na kadhalika. CUC ilitenga mafungu makubwa kupita kiasi, kisha ikawa inayachota kidogokidogo na kuyaandika kama faida. Fungu likikauka, inabidi inunue kampuni nyingine ili lipatikane fungu jipya. Ni sawa na mtu anayekopa Vicoba hiki ili kulipa Vicoba kile, huku majirani wanamsifia kwamba ana hela. Juu ya hapo kulikuwa na mapato hewa ya mamia ya mamilioni ya dola.

Sasa unaelewa kwa nini kampuni ya klabu za punguzo ilikuwa na njaa ya kununua makampuni.

Ken alikuja kugundua mapema kwamba chini ya CUC hakuwa tena na usemi aliouzoea. Mwaka 1997 akaondoka. Mwishoni mwa mwaka huo CUC ikaungana na kampuni ya HFS na kuitwa Cendant. Aprili 1998 wale wa HFS wakafunua vitabu, wakakuta uozo, na wakatangaza hadharani. Kwa siku moja hisa za Cendant zikapoteza karibu nusu ya thamani yake, yaani kama dola bilioni 14. Kila aliyekuwa ameshika karatasi zile aliumia, wakiwemo watu wa kawaida kabisa waliodhani wana akiba ya uzeeni. Forbes alitiwa hatiani mwaka 2006, na mwaka 2007 akahukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 12.

Jumatatu ya msumeno

Cendant ikaamua kuuza kitengo chake cha programu kwa kampuni ya Ufaransa, Havas, iliyokuwa chini ya Vivendi. Wanunuzi wapya hawakuwa na hadithi na milima wala meza ya jikoni. Februari 22, 1999, siku ya Jumatatu, wafanyakazi wa Oakhurst wakaambiwa ofisi ya kutengeneza gemu inafungwa. Zaidi ya watu mia moja walipoteza kazi, katika mji mdogo usio na kampuni nyingine ya kuwapokea. Wenyewe wanaikumbuka kwa jina la Jumatatu ya Msumeno.

Kinachouma ni kwamba jina la Sierra bado lilikuwa linauza. Miezi mitatu tu nyuma, Novemba 1998, ilikuwa imesambaza Half-Life ya kampuni ya Valve, moja ya gemu zilizosifiwa kuliko zote. Mwishoni mwa mwaka huohuo ilitoka King's Quest ya nane, na hiyo ikawa kazi ya mwisho ya Roberta kwa kampuni aliyoizaa. Jina likabaki likizungushwa kwa wenye mali mbalimbali, na mwaka 2008, Activision ilipoungana na Vivendi Games, Sierra ikazimwa. Leo haki za nyingi kati ya gemu zile ziko chini ya Microsoft, iliyoinunua Activision Blizzard mwaka 2023.

Kwa nini stori hii inanigusa

Mwaka juzi mimi na mume wangu tulipata ofa. Kampuni kubwa kidogo ya uchapaji ilitaka kutununua: mashine, wateja na jina. Theluthi moja ya bei tungepewa taslimu, na iliyobaki tungepewa kama "umiliki" kwenye kampuni yao. Sisi tungebaki kuwa mameneja wa tawi.

Mume wangu macho yalimwaka. Na simlaumu, maana tulikuwa na ada za shule, kodi ya fremu na mashine moja mbovu. Mimi tumbo lilinikaza. Kwa wiki nzima tuliongea kwa kifupi: chumvi iko wapi, gari lina mafuta. Unajua ule ukimya.

Usiku mmoja nikamsimulia habari ya CUC, yote kama nilivyokusimulia wewe. Hakusema "usiuze" wala mimi sikusema. Alikaa kimya, kisha akasema, "Mama watoto, hebu tuwaombe hesabu zao zilizokaguliwa. Kama wanatulipa kwa kampuni yao, tuione kampuni yao."

Tukaomba. Kwanza wakasema wiki ijayo. Halafu wakasema mhasibu kasafiri. Halafu wakauliza kama hatuwaamini. Baada ya mwezi simu zikakatika zenyewe. Mpaka leo sijui kama hesabu zao zilikuwa chafu au safi. Ninachojua ni kwamba mtu anayetaka uchukue karatasi yake badala ya pesa, na hataki uisome hiyo karatasi, hajakuheshimu. Na najua kwamba siku tulipotuma ile barua ya kuomba hesabu, sahihi zetu mbili zikiwa zimekaa pamoja, ule ukimya wa nyumbani uliisha.

Yale niliyoyachukua kwao

Kwanza, gawaneni kazi kweli. Roberta alitunga, Ken aliendesha. Kwetu mimi ni wateja na usanifu, yeye ni mashine na fedha. Ukiona mwenzako anakosea kwenye eneo lake, mwambie faraghani, usimsahihishe mbele ya kijana wa kazi.

Pili, wazo kubwa lina mahali pake pa kusemewa. Roberta alitafuta jioni tulivu na meza ya watu wawili. Wengi wetu tunarusha mawazo yetu mlangoni, mwenzetu akiwa hajavua hata viatu, halafu tunalalamika kwamba hatusikilizwi.

Tatu, mkiuza, jueni mnalipwa kwa kitu gani. Taslimu ni taslimu. Hisa ni ahadi, na ahadi hupimwa kwa tabia ya anayeitoa.

Nne, na hili ndilo kubwa, msiiache biashara iwe ndiyo ndoa yenyewe. Baada ya Sierra, Ken na Roberta hawakukaa kulaumiana kwa miaka. Walinunua boti, wakajifunza kuiendesha wenyewe, wakavuka Atlantiki na Pasifiki. Hebu fikiria, wiki kadhaa katikati ya bahari, huwezi kutoka nje kupunga upepo mkikasirikiana! Mwaka 2020 Ken aliandika kitabu cha kumbukumbu za kampuni, na Januari 2023, wakiwa na zaidi ya miaka 50 ya ndoa, wakatoa gemu mpya. Ilikuwa Colossal Cave, mchezo uleule uliomnasa Roberta mwaka 1979, safari hii ukiwa na picha.

Hawakuirudisha Sierra. Hawakuweza kuwarudishia kazi wale watu wa Oakhurst, na hilo nadhani lina uzito wake mpaka leo. Lakini kile kilichokuwepo kabla ya kampuni, kijana wa miaka 18 na binti wa miaka 19 waliopenda kukaa pamoja, hakuna mnunuzi aliyekichukua.

Kwa hiyo kama wewe na mwenzako mna duka, saluni, boda boda mbili au kampuni yenye nembo na lifti, leo usiku kabla ya kuzima taa mwulize swali hili: tukifunga hii biashara kesho asubuhi, mimi na wewe tutaongea nini? Jibu likichelewa kuja, msiogope. Anzeni kulitafuta sasa, wakati mauzo bado ni mazuri.